Hofu Haipimwi kwa Jouli

Tangu nirudi kutoka Uingereza, makomredi hawaniulizi kuhusu masomo. Wananiuliza kuhusu bunduki. Kuna mmoja aliyeona picha kwenye simu yangu, nimevaa miwani mikubwa, nimejaa matope, nimeshika shotigani ya buluu, na kufikia jioni hosteli nzima ilikuwa inasema ati nilipelekwa ng'ambo kufundishwa uanajeshi. Wacha niseme yote mara moja, kisha nipumzike.

Mchezo wenyewe unaitwa easofti. Ulianzia Japani katika miaka ya 1970 na 1980. Huko sheria inambana sana raia anayetaka kumiliki bunduki, kwa hivyo waliozipenda wakatengenezewa za kuchezea. Zinatupa gololi za plastiki zenye kipenyo cha milimita 6, na ile ya kawaida ina uzito wa gramu 0.20. Inasukumwa na springi, au mota ndogo ya umeme, au gesi. Watu wanagawana makundi mawili msituni. Ukipigwa, unainua mkono na kutoka. Hakuna refa anayeweza kuona kila gololi, kwa hivyo mchezo mzima unasimama juu ya uaminifu. Ukijifanya hujapigwa, wenzako watakuwa wamekujua kabla ya chakula cha mchana.

Mimi nilikuwa Sheffield kwa mwaka mmoja wa kubadilishana wanafunzi, mhandisi wa mitambo mwenye wikendi ndefu na marafiki wachache. Klabu ya easofti ya wanafunzi ilikuwa inakodisha vifaa kwa bei nafuu. Nikaenda mara moja, nikaenda tena. Mara ya nne nikanunua shotigani iliyotumika.

Nilichagua shotigani kwa sababu ya mtambo wake. Kuna aina ambayo gesi inakaa ndani ya kitako, nayo gololi zinakaa ndani ya ganda, umbo lake kama lile la risasi ya kweli lakini plastiki tupu. Ukifyatua, gesi inapita kwenye tundu lililo chini ya ganda na kuzisukuma gololi zote kwa pamoja. Ukikoki, kulabu ndogo inalivuta ganda kutoka chumbani na kulitupa nje. Inafurahisha kutazama. Shida ni kwamba ganda linaangukia kwenye majani makavu na matope, na ukirudi jioni kuyaokota unapata nusu. Ya dukani yana bei, na mimi nilikuwa naishi kwa posho. Nikaamua kuyatengeneza mwenyewe, kwenye meza ya jikoni.

Mwenzangu wa nyumba, jamaa kutoka Wales, alikuwa na printa ndogo ya 3D aliyoitumia kuchapisha vyungu vya maua. Nikanunua kalipa, nikapima ganda la dukani kila upande, nikalichora kwenye kompyuta. Ukilitazama, ni kikombe tu. Lakini kikombe hicho kinakufundisha mambo ambayo mhadhara wa saa mbili hauwezi.

Jambo la kwanza ni kwamba printa haikupi unachochora. Tundu la duara hutoka dogo kidogo kuliko mchoro, kwa sababu plastiki inasinyaa ikipoa na uzi wake unaingia ndani ya duara. Gololi inaitwa ya milimita 6, lakini ukiipima utapata karibu 5.95. Ukichora tundu la milimita 6 kamili, gololi haipiti. Ukiacha nafasi kubwa mno, gesi inapita pembeni na gololi inatoka imechoka. Nilichapisha vipande vifupi vyenye tundu la 6.1, 6.2, 6.3, nikajaribu kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta ufunguo wake kwenye bunda la mlinzi.

La pili ni ukingo, ule mdomo mwembamba wa chini ambao kulabu inaushika. Printa inajenga kitu kwa tabaka, moja juu ya jingine, na tabaka hizo zikivutwa kutengana huachana upesi kuliko plastiki yenyewe inavyokatika. Ganda likichapishwa limesimama, kulabu inavuta palepale penye udhaifu. Ukilichapisha limelala, ukingo unapata nguvu lakini duara linakuwa yai. Nilichofanya ni kile ambacho fundi yeyote wa Gikomba angefanya bila kufungua kitabu: niliacha plastiki iwe mwili tu, nikaweka washa ya chuma kuwa ukingo, nikaikaza kwa gundi. Haikuvunjika tena.

La tatu ni kuziba. Oringi moja, ule mpira mduara wa fundi bomba, inakaa kwenye mfereji kuzunguka ganda ili gesi isirudi nyuma. Unaipaka grisi ya silikoni, si ile ya mafuta ya petroli, ambayo huziharibu baadhi ya raba. Mdomoni niliweka mpira mwingine laini wa kuzishika gololi zisimwagike ukiinamisha mtutu. Na sehemu inayobeba gesi sikuigusa kamwe. Chombo cha shinikizo si cha kuchapisha jikoni, komredi. Hapo hakuna mzaha.

Maganda yote niliyachapisha kwa rangi ya machungwa inayong'aa, ili niyaone kwenye majani. Baada ya hapo nilikuwa nikipoteza moja au mawili kwa siku.

Sasa, nikisema nilikuwa "narekebisha bunduki", kila mtu hapa anadhani nilikuwa naiongezea nguvu. Nguvu ndiyo kitu pekee ambacho sikuwa na ruhusa ya kucheza nacho. Kumbuka ile fomula ya kidato cha tatu: nusu ya masi mara kasi mara kasi. Gololi ya gramu 0.20 ikitoka kwa mita 100 kwa sekunde inabeba jouli 1 kamili. Japani mpaka uko chini kidogo ya jouli 1. Uingereza, sheria ya mwaka 2017 iliweka jouli 1.3 kwa bunduki inayofyatua mfululizo, na 2.5 kwa inayofyatua mara mojamoja. Ikivuka hapo, sheria inaacha kuiita kifaa cha mchezo. Viwanja vingi vinaweka mipaka ya chini zaidi, na asubuhi kabla ya mchezo kila mtu anapanga foleni kwenye mashine ya kupima kasi. Ukizidi, unarudi kukaa kwenye gari.

Kwa hivyo unacheza na vilivyobaki. Gesi ya mfyatuo mmoja ni ileile. Nikitia gololi 6, kila moja ilikuwa inatoka kwa karibu mita 90 kwa sekunde. Nikitia 12, ilishuka hadi kama 62. Piga hesabu uone: jumla ya nishati haibadiliki sana, unaigawa tu. Sita zinafika mbali kidogo, kumi na mbili zinatawanyika kama kuku walioona mwewe. Mpaka ukishawekwa, ufundi unahamia kwenye kugawa, kuziba na kupima. Nilijifunza zaidi kuhusu ustahimilivu wa vipimo kwa maganda yale kuliko kwa ripoti zangu zote za maabara.

Lakini sheria ya kule ina upande wa pili, na huo ndio umenifanya niandike. Haiangalii jouli tu. Inaangalia sura. Kwa sheria ya mwaka 2006, bunduki ya bandia inayofanana na ya kweli haiuzwi kwa mtu yeyote tu. Mchezaji anayetaka nyeusi kwa kawaida huonyesha kwanza kwamba anacheza kweli: michezo mitatu, katika muda usiopungua siku 56. Mimi sikungoja, nikachukua ya buluu. Na kuipaka rangi nyeusi nyumbani, bila kuwa na sababu inayokubaliwa, ni kosa, hata kama hujagusa springi wala gesi. Kuitembeza hadharani bila sababu ya maana pia ni kosa. Ilisafiri ndani ya begi lililofungwa, kutoka mlango wa nyumba hadi uwanjani. Mwanzoni niliona ni urasimu wa Wazungu. Kitu kina nguvu ya kupasua kopo la soda, cha nini rangi?

Aliyenijibu swali hilo hakuwa polisi. Ni dada yangu mkubwa.

Tulikuwa tunaongea kwa simu ya video usiku mmoja. Nilikuwa na furaha, ganda la washa lilikuwa limefanya kazi, nikataka alione. Nikakoki mara mbili. Akanyamaza.

"Hiyo ni nini imelia hivyo?"

"Ni ya kuchezea, dada. Iangalie, ya buluu."

"Nimeona ni ya kuchezea. Nimekuuliza, ni nini imelia?"

Nikaiweka chini. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia, kwa sababu mwaka 2015 mimi nilikuwa shule ya msingi na yeye alikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Tarehe 2 Aprili mwaka huo, Garissa, watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Hilo tunalijua sote. Siku kumi baadaye, kabla ya kupambazuka, hitilafu ya umeme ililipuka katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wakadhani wamevamiwa, wakaruka kutoka orofani. Mmoja akafariki, zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Hapakuwa na bunduki hata moja. Mwezi wa Novemba, chuo kimoja jijini kikafanya zoezi la usalama lenye milio ya risasi, watu wakaamini ni kweli, mfanyakazi mmoja akapoteza maisha.

Dada yangu hakuwa katika vyuo hivyo. Alikuwa kwingine kabisa. Muhula mzima alilala na viatu, wenzake chumbani wakisukuma kitanda nyuma ya mlango. "Bado nikisikia chuma kikigongana usiku naamka," akasema. Halafu akauliza, kwa upole kabisa: "Na ukija nayo nyumbani, mdogo wangu, utaiweka wapi?"

Sikuwa na jibu, na kwa kweli hakuna jibu. Nilikuwa na mashine inayoweza kupima kasi ya gololi hadi sehemu ya kumi ya mita. Hofu haipimwi kwa jouli. Mlipuko wa nyaya za umeme haukuelekezwa kwa mtu, lakini uliua. Kwetu, kitu chenye umbo la bunduki kinakuwa bunduki kabla mtu hajauliza kinatupa nini. Polisi naye hatauliza. Magazeti yetu yana habari za kila mara za majambazi waliokamatwa na bastola ya bandia, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inazitaja pia za bandia zinazotumiwa kwenye uhalifu. Pia hapa sijui klabu wala uwanja wa mchezo huu, wala foleni ya asubuhi ya kupima kasi. Ukiutoa mchezo mahali palipo na hayo yote, kinachobaki mkononi ni ile sura peke yake.

Niliiuzia klabu ileile shotigani yangu kabla ya kuondoka. Maganda pia niliyaacha, hata yakiwa ya machungwa, maana hapa neno "maganda" kwenye taarifa ya habari lina maana moja tu. Nilirudi na kalipa na faili za michoro.

Sasa wiki iliyopita kikundi chetu cha drama kimenijia. Wanaandaa mchezo kuhusu ujambazi kwa ajili ya wiki ya utamaduni, na wamesikia sifa zangu. Wanataka shotigani nyeusi, ikoki, iteme ganda jukwaani. Ningeweza kuitengeneza. Printa ipo karakana, washa na oringi ziko kwa kila duka la spea. Kiufundi ni kazi ya wiki mbili, na nakiri mikono inaniwasha.

Nimewaambia sitatengeneza hiyo. Nimewaambia nitawachongea ya mbao, ipakwe rangi ya machungwa kuanzia kitako hadi mtutu, isilie kabisa. Ofisi ya usalama ipewe barua. Bango liwekwe mlangoni, ili anayepita nje ya ukumbi ajue ndani kuna nini.

"Lakini haitaonekana ya kweli," mwenyekiti wao akalalamika.

"Ndiyo maana yake, bana."

Hakufurahi. Kuna waliosema nimeogopa, kuna waliosema nimekuwa Mzungu. Nami nikawajibu kwamba mwigizaji anayejua kazi yake akishika mwiko na kusema mikono juu, ukumbi utainua mikono. Akihitaji bunduki ya kweli ili aaminike, basi shida iko kwenye mazoezi, tusiitafute karakana.

Bado hatujakubaliana. Tunakutana Alhamisi saa kumi, karakana, na yeyote mwenye maoni aje. Nitaleta kalipa, kipande cha mbao na mkebe wa rangi. Na kama kuna anayetaka kujua kwa nini tundu la milimita 6 halipitishi gololi ya milimita 6, nitamwonyesha kwa kitu kingine. Kifuniko cha chupa kinatosha.