Kisu Chenye Mwezi na Nyota

Sisi tuliokulia Muheza mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulizoea kisu tangu wadogo. Mji ule ni wa machungwa, na chungwa la kuuza stendi humenywa ganda la juu tu, likabaki jeupe, tayari kwa abiria. Kazi hiyo tuliifanya pamoja na watu wazima.

Kisu changu mwenyewe kilikuwa cha kukunja, Okapi. Mjomba, dereva wa malori ya Zambia, ndiye aliyeniletea. Hakikuwa kitu cha anasa. Wajerumani walianza kutengeneza visu hivyo mwaka 1902 wakilenga makoloni yao ya Afrika, na vimebaki kuwa visu vya mtu wa kipato kidogo: mpini wa mti uliopambwa mwezi na nyota, pete ya chuma mgongoni, na bapa ambalo usipolitunza linashika kutu.

Kabla ya kunikabidhi, mjomba alinipa masharti. Mwenzako mpokeze mpini. Usikate kuelekea mwilini mwako. Usitembee nacho kikiwa wazi. Ukimaliza kumenya embe bichi, kioshe, kifute, kipake mafuta ya nazi, maana uchachu ule hukitia weusi. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Wazee wangu hawakungoja nikatwe ndipo nijifunze; walinifundisha kwanza, kisha wakaniamini.

Imani ile ilizaa kazi. Tulichonga manati kwa panda za mpera, tukachonga pia za kuchezea, tukakata ndala zilizochakaa kuwa matairi ya magari ya waya. Bidhaa zilikuwa adimu madukani, hivyo mchezo usioutengeneza hukuwa nao. Shuleni nako, chini ya Elimu ya Kujitegemea, tulikwenda na majembe na mapanga begani, na hakuna mtu mzima aliyeshtuka.

Mambo yaligeuka polepole. Milango ya biashara ilifunguliwa, hasa baada ya Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, kushika urais mwaka 1985, na miaka ilivyosonga vikaja vichongeo vya penseli na magari ya plastiki ya bei poa. Kisu kikakosa kazi mfukoni mwa mtoto, na kilipokosa kazi kikaanza kutiliwa shaka. Okapi nayo ilihama Ujerumani. Tangu 1988 iko mikononi mwa kampuni ya Afrika Kusini, nchi ambako wengi huihusisha na wahuni wa mitaani. Leo mwanafunzi akikutwa na kisu kwenye begi, mzazi anaitwa shuleni. Nawaelewa walimu. Madarasa yamejaa, na visu vimeumiza watu.

Ninachokililia ni yale masharti, na heshima iliyokuja nayo. Mtoto akikabidhiwa chombo cha hatari na mtu anayempenda, hujiona ni mtu miongoni mwa watu, na mkono wake hutulia. Siku hizi tunamnyima kisu hata tukiwa tumekaa naye jikoni, kisha tunampa simu aingie nayo chumbani peke yake, bila sharti hata moja. Simu nayo ina makali. Kama ningekuwa na la kuwaomba wazazi wenzangu, ni hili: chombo chochote mnachompa mtoto, kaeni naye kwanza, kama alivyokaa nami mjomba.