Fimbo za Mtu Mrefu

Sisi ni wachungaji wawili tunaofundisha somo la kuhubiri katika chuo kimoja cha theolojia chini ya Mlima Meru. Tumefundisha pamoja miaka tisa, tunasahihisha pamoja, na kwa kuwa yaliyotupata yalitupata wote wawili, tutasema "sisi" hadi mwisho, ingawa aliyeshika kalamu ni mmoja. Washarika wapendwa mtuvumilie, maana habari yenyewe inaanzia kwenye gofu.

Tunajua gofu haina jina zuri sana kwenye mabenchi ya kanisa. Viwanja vyake ni vichache nchini, na wengi wetu tumeviona kutoka nje ya uzio tu. Nasi tulikuwa hivyo. Lakini mzee mmoja wa kanisa anayeucheza mchezo huo aliandaa siku ya kuchangia mfuko wa karo wa wanafunzi wetu, akatuambia kwamba wenzake wangetoa zaidi kama wangewaona wachungaji wenyewe wakihangaika na mpira uwanjani. Tukakubali kwa ajili ya karo. Tulikuwa na miezi mitatu ya kujifunza.

Fimbo tulikuwa nazo, au tulidhani hivyo. Katika stoo ya chuo, nyuma ya maboksi ya vitabu vya nyimbo, palikuwa na mfuko ulioachwa na mmisionari aliyefundisha hapa kabla yetu. Wafanyakazi wa zamani wanamkumbuka kwa upendo: mtu mrefu mno, aliyeinamisha kichwa kila alipopita mlango wa jikoni. Ndani ya mfuko mlikuwa na fimbo 11, bado nzuri. Sheria za mchezo zinaruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14, kwa hiyo tulijiona matajiri. Tukazifuta vumbi, tukaenda nazo kwenye nyasi nyuma ya mabweni.

Mpira ulikwenda kushoto. Wiki tatu mfululizo ulikwenda kushoto, kwenye migomba ya jirani, na ulipokosa kwenda kushoto haukwenda kokote. Kila mmoja akawa mwalimu wa mwenzake. "Unavuta mkono." "Umeinua kichwa." "Inama zaidi." Tukainama zaidi. Mmoja akajifunza kuishika fimbo chini kabisa, karibu na chuma. Mwingine akawa anasimama mbali na mpira kama mtu anayeogopa mbwa. Mara mojamoja mpira ulinyooka, nasi tukaamini kwamba tunaendelea vizuri. Kilichoendelea kwa hakika kilikuwa maumivu ya mgongo.

Ndipo yule mzee wa kanisa akatupeleka kwa mwalimu. Ni mtu wa makamo aliyeanza utotoni kama kedi, akibeba mifuko ya wachezaji na kuwatafutia mipira porini, kama walivyoanza wachezaji wengi hodari wa Afrika Mashariki. Tulipofika tukaanza kumweleza makosa yetu yote, moja baada ya jingine, kama watu waliokuja kuungama. Akatusikiliza kwa adabu. "Baba Wachungaji," akasema, "pigeni kwanza. Mipira ishirini kila mmoja. Mimi nitanyamaza."

Naye akanyamaza kweli. Jambo hilo lilitusumbua kuliko kukosolewa. Alitembea nyuma yetu, akachuchumaa, akaangalia miguu, akaangalia nyasi zilizong'oka. Baada ya mipira arobaini akatoa mfukoni tepu ya fundi cherehani na kutusimamisha wima, mikono ikining'inia. Akapima kutoka kifundo cha mkono hadi ardhini.

Hapa tuwaeleze kidogo. Sisi wawili tuna kimo kimoja. Hata kanzu za ibada huwa tunaazimana mmoja akisahau yake. Kumbe vifundo vyetu vya mikono vinapishana kwa sentimita tano, maana mmoja ana mikono mirefu, na sisi hatukuwahi kulijua hilo katika miaka tisa ya kuvaa mavazi yaleyale. Kwa mshona kanzu ni jambo dogo. Kwa fimbo ya gofu ni jambo kubwa, kwa sababu fimbo inaanzia pale mikono inapoishia.

Kisha akabandika utepe kwenye tako la fimbo namba 7, akatuwekea ubao mgumu wa plastiki, akatuambia tupige mpira ukiwa juu ya ubao. Baada ya pigo akaigeuza fimbo. Fimbo inayomfaa mtu hukwaruzika katikati. Yetu ilikwaruzika kwenye kisigino, yaani upande ulio karibu na mpini, na ncha yake ilikuwa hewani. Akachora mstari kwa makapeni kwenye mpira, akauelekeza mstari usimame wima upande wa fimbo. Tulipopiga, wino ukabaki kwenye uso wa chuma, nao ulikuwa umelala upande. "Fimbo ni ndefu kwenu," akasema. "Ikiwa ndefu, ncha inanyanyuka. Ncha ikinyanyuka, uso wa fimbo unaangalia kushoto, hata kama ninyi mnaangalia mbele. Na huu mpini una herufi S. Ni mgumu, ni wa mtu anayepiga kwa kasi kubwa. Kwenu haupindi, ndiyo maana mpira haupandi." Akanyamaza kidogo. "Hayo makosa mliyokuja nayo, mengine si yenu. Ni ya fimbo. Lakini mmeshayazoea, kwa hiyo sasa yamekuwa yenu."

Siku zilizofuata alifanya kazi ya fundi. Alikata mipini, ya mmoja wetu zaidi kuliko ya mwingine. Fimbo zilizofuliwa alizibana kwenye mashine yake na kuzilaza nyuzi moja au mbili. Zilizomiminwa katika kalibu alizigusa kwa woga, maana chuma cha namna hiyo huweza kukatika, na mbili akakataa kabisa kuzigusa. Mpini wa fimbo namba 7 akaubadilisha kwa mwingine wa mitumba uliolegea zaidi. Akavua mipira ya kushikia, akazungusha utepe chini yake mpaka ikajaa viganja vyetu. Tulipomuuliza kama tununue fimbo mpya, alicheka. Anayeanza, alisema, bado pigo lake linabadilika kila wiki. Apimiwe urefu, ulalo na mshiko, asitumie fedha kutafuta usahihi ambao mwili wake haujaufikia. Ushauri huo tunaupitisha bure kwa yeyote anayefikiria kuanza. Ughaibuni, alituambia, ziko rada na kamera zinazopima mwendo wa mpira na mzunguko wake. Yeye ana tepu, ubao na makapeni.

Baadaye tulisoma kwamba mmoja wa watu waliolifanya jambo hili lijulikane duniani ni Karsten Solheim, mzaliwa wa Norwei aliyekulia Marekani, mwanzilishi wa fimbo za PING. Alikuwa mhandisi, na alianza kucheza gofu akiwa ameshapita miaka 40. Lakini kabla ya uhandisi alikuwa fundi viatu, kazi ya baba yake. Tuliposoma hapo tukaelewa. Fundi viatu hamwambii mteja aukunje mguu.

Msidhani tulipona siku ileile. Kwa fimbo zilizopimwa tulipiga vibaya vilevile, ila sasa mpira ulikwenda pande zote, na mwalimu akafurahi: "Sasa naona ya kwenu." Ndipo masomo yakaanza, jambo moja kwa siku, wala si mawili. Siku ya kwanza ilikuwa mshiko tu. Alituambia tuishike fimbo kama tunavyomshika mtoto wa ubatizo: asianguke, na asibanwe. Alijua anazungumza na nani. Kwa mtu mwingine, nadhani, angetumia mfano mwingine.

Kilichotupata kilitupata garini, tukirudi chuoni jioni ya ule upimaji. Tulikuwa kimya mpaka karibu na daraja. Kisha mmoja wetu akataja jina la kijana fulani, na mwingine akasema, "Nami nilikuwa namwaza huyo."

Alikuwa mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili, kijana kutoka milimani, aliyekua akichunga mbuzi wa bibi yake. Alikuwa na sauti ya chini. Akisimulia jambo hukatiza, huwaangalia watu, huuliza swali na kusubiri jibu kweli. Sisi tulikuwa na fomu ya kupimia mahubiri: utangulizi, hoja tatu, hitimisho, sauti, ishara za mikono, kusimama imara mimbarani. Fomu hiyo hatukuitunga sisi. Ilitafsiriwa zamani na yuleyule mmisionari mrefu kutoka katika lugha yake, nasi tulifundishwa nayo, tukaipenda, na kwetu ilifanya kazi. Kijana alipohubiri mara ya kwanza tukampa alama 38, tukamwambia apaze sauti. Mara ya pili alipaza. Sauti ikapasuka katikati ya hoja ya pili, wenzake wakacheka. Tukaandika 41. Kabla muhula haujaisha alikabidhi ufunguo wa chumba, akakunja godoro, akaondoka. Tukasema hana wito. Tulisema hivyo kwenye kikao, na imo katika kumbukumbu za kikao.

Tumehubiri mara nyingi juu ya Daudi na mavazi ya vita ya Sauli, na siku zote tulimfanya Sauli mjinga kidogo. Usiku ule tuliisoma upya 1 Samweli sura ya 17, tukarudi nyuma hadi sura ya 9, pale tunapoambiwa kwamba Sauli aliwapita watu wote kwa urefu, kuanzia mabegani. Sauli hakumdharau kijana. Alimpa vitu vyake mwenyewe, bora alivyokuwa navyo, vilivyomfaa yeye vitani. Vilikuwa vya mtu mrefu tu. Na Daudi alikuwa na bahati kwamba aliruhusiwa kuvivua kabla ya kwenda bondeni. Kijana wetu alivivaa mpaka mwisho, akaanguka navyo, nasi tukaandika kwamba hajui kutembea.

Yuko atakayesema tunataka kulegeza. Wenzetu wawili walisema hivyo katika bodi ya taaluma, kwa nia njema. Tukawajibu kwa lugha ya uwanjani, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mdomoni: shimo la gofu lina upana wa milimita 108 kwa kila mchezaji, awe bingwa au mchungaji wa nyuma ya mabweni. Hakuna anayepanuliwa shimo. Injili hatuikati wala hatuilazi nyuzi mbili ili imfae mtu. Tunachokata ni mpini. Baada ya mjadala mrefu bodi ilikubali mahubiri yake yasikilizwe upya, kama mwenyewe atataka, bila kuahidi alama yoyote. Ile fomu bado iko mezani inajadiliwa, na tusiseme uongo, mjadala unakwenda polepole.

Siku ya mchango ilifika. Tulicheza vibaya kwa heshima, watu wakacheka, karo ikapatikana. Hayo yanatosha.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda milimani. Tulimkuta akipogoa migomba na mama yake, akatunawisha, akatupa ndizi za kuchoma kabla hajatuuliza kilichotuleta. Tukasema tuliloendea: kwamba tulimpima kwa kipimo kisicho chake, kwamba tumekuja kuomba msamaha, na kwamba si bodi iliyotutuma kusema hivyo. Alikaa kimya kwa namna yake ileile.

"Ile mara ya pili," akasema, "wenzangu walipocheka, mimi niliwaangalia ninyi, walimu wangu. Mlikuwa mmeinamisha vichwa mnaandika."

Hatukuwa na jibu. Mama yake akaondoa vyombo.

Jioni majirani walikuja kwa ibada ya nyumba kwa nyumba, wazee wengi na watoto, nasi tukaombwa tubaki. Tulidhani tungepewa nafasi ya kuhubiri, lakini hatukupewa. Kijana alikaa kwenye kigoda katikati yao, akasoma habari ya wale wawili waliokuwa wakienda Emau, akafunga Biblia, akamuuliza bibi mmoja kama amewahi kutembea na mtu njia nzima bila kumjua. Bibi akafikiri, akajibu. Mwingine akaongeza lake. Sauti yake haikupanda hata mara moja, na waliokaa nyuma walivuta mabenchi mbele, nasi tukavuta letu.

Fomu ya maombi ya kusikilizwa upya tuliiacha mezani. Aliikunja mara mbili, akaitia katika Biblia, akasema atazungumza na mama yake kwanza. Kisha akachukua tochi akatusindikiza mpaka barabarani, maana njia ile ina mawe.