Hasara Isiyohesabiwa

Mwanadamu ni hodari wa kuhesabu hasara aionayo. Mkulima wa miteremko ya Uluguru huyajua mahindi yaliyotafunwa ghalani, na huzijua mbegu zilizofukuliwa kabla ya kuota. Kwa sababu hiyo humhesabu panya kuwa mwizi, humtegea mitego na humfugia paka. Lakini wizi ni ubaya mdogo wa panya. Kile akiachacho nyuma yake hudhuru kuliko kile akichukuacho.

Katika figo za panya wengi hukaa vijidudu viitwavyo leptospira. Panya mwenyewe havimsumbui. Hula, hukimbia na huzaa kama desturi yake, na kila akojoapo huvimwaga nje. Penye ukavu na jua kali vijidudu hivyo hufa upesi. Penye maji yaliyotuama na udongo wa majimaji huweza kuishi wiki nyingi, vikingoja mchubuko wa mguu, jicho au kinywa. Basi masika, msimu ambao mkulima huungojea kwa matumaini, ndio umfunguliao adui huyu mlango, maana mpunga hulimwa na wengi kwa miguu mitupu ndani ya matope.

Jambo hili halisemwi kwa kubahatisha. Chini ya milima hiyo, mjini Morogoro, kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984. Wataalamu wake wamewachunguza panya kwa miaka mingi. Leptospira wameziona katika panya wa mashamba, katika panya buku, na hata katika ng'ombe. Aina moja imepewa jina la Sokoine.

Ugonjwa huanza kwa homa, kuumwa kichwa na maumivu ya misuli, hasa ya mashavu ya miguu. Wengi husema ni malaria, na dawa ya malaria hunywewa. Siku hupita. Kwa baadhi ya wagonjwa macho huwa manjano, figo hushindwa kazi na damu hutoka. Hali dawa za kuutibu, kama penisilini, ni za siku nyingi, na hufaa zaidi zikitolewa mapema. Mtu aweza kufa karibu na dawa yake kwa kuwa ugonjwa wake haukutajwa jina.

Mwezi wa Julai 2022 watu waliugua mkoani Lindi, wengine wakitokwa na damu puani, na watatu wakafa. Hofu ilienea mpaka Serikali ilipotangaza kuwa ni maradhi ya leptospira, yakaitwa homa ya mgunda. Mgunda, katika lugha kadhaa za nchi, ni shamba. Jina hilo lamweleza mkulima mahali pa kujihadhari: avae buti za mpira majini, afunike jeraha, chakula na maji, na akishikwa na homa amwambie tabibu kazi aliyokuwa akiifanya.

Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, likishirikiana na chuo hicho, limewafundisha panya buku mjini Morogoro kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na baadaye kifua kikuu katika makohozi. Ikiwa panya ameweza kufundishwa kuwaokoa watu, si haki mkulima aishiye mlimani, mbele ya macho ya mji huo, akose kufundishwa kujiokoa na panya.