Chakula cha Kobe

Nilipostaafu ualimu nilijiwekea ahadi mbili: kulima bustani ya mboga, na kutomfokea mtoto tena. Ya kwanza niliitimiza. Ya pili ilinishinda, na sababu yake ilikuwa kobe.

Mvua zilikuwa zinaelekea kwisha hapa kwetu Singida. Mjukuu wangu wa miaka saba alimwokota kobe kando ya barabara, gamba limepasuka ukingoni. Kobe ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumfuga bila kibali. Nikaenda kutoa taarifa, nikaruhusiwa kumtunza hadi apone, kisha arudishwe porini.

Sasa tumlishe nini? Mke wangu alileta kiporo cha ugali, mtoto akachuma mchicha. Kobe alikula vyote, nasi tukafurahi kama watu waliopata mgeni asiyechagua chakula. Baada ya siku chache akaanza kuharisha, akajikunyata ndani ya gamba lake.

Kosa lilikuwa letu. Tumbo la kobe wa nchi kavu limeumbwa kwa nyasi na majani ya porini yenye nyuzinyuzi nyingi. Wanga wa ugali humvuruga. Mchicha si sumu, lakini una asidi ya oksaliki, ambayo hushika madini ya chokaa yanayojenga gamba na mifupa. Akiupata mara mojamoja, ukiwa umechanganywa na majani mengine, haumdhuru. Tukigeuze kuwa chakula chake cha kila siku, tunamdhoofisha huku tukidhani tunamnenepesha.

Tukabadili. Tulimpa nyasi mbichi, mlenda wa porini, na maji katika sahani pana isiyo na kina. Kotimiri, mnanaa na rihani tulimpa majani machache tu, kama sisi tunavyotia kiungo mchuzini. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo, ambayo yana sumu, tuliyaweka mbali, na tulimzuia asifike kwenye ua wa minyaa, maana utomvu wake ni mkali. Kobe akachangamka. Mjukuu wangu aliipenda kazi ile, hasa ya kotimiri. Alikuwa akigawa: “Moja lako, moja langu.”

Jioni moja niliipiga bustani dawa ya wadudu. Kibandiko cha chupa kilitaka tusubiri siku 14 kabla ya kuchuma, nami nikamweleza mke wangu vizuri. Asubuhi yake nilimkuta mtoto amechuchumaa mbele ya kobe, ana fungu la kotimiri. Kobe alikwisha kuuma jani moja. La pili lilikuwa linaelekea kinywani mwa mjukuu wangu.

Nilimpiga mkono, majani yakatawanyika. Nilifoka kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu nilipoacha ukuu wa shule. Mtoto alilia, akaniuliza, “Babu, unamnyima kobe kotimiri?”

Nilimnawisha mikono kwa sabuni, nikakaa naye chini, nikamwomba radhi. Kwa siku tatu niliamka alfajiri kumtazama kobe. Mungu alisaidia, hakudhurika.

Nilikwenda zamani kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja, kuwaona kobe wakubwa wenye asili ya Aldabra, ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Mgeni hufurahi kuwalisha kwa mkono. Nami nilinyoosha jani langu, wala sikuuliza limechumwa wapi. Nimefundisha watoto miaka mingi, na mambo ya dawa za mimea nilikuwa nikiyaeleza ubaoni. Lakini nyumbani nilimwonya mpishi peke yake. Mtoto na kobe sikuwahesabu miongoni mwa walaji.

Msomaji wangu, ukimlisha mnyama, lijue shamba lilikotoka jani. Kuosha ni lazima, lakini maji hayaondoi kila dawa. Siku za kusubiri ziheshimiwe. Na kila anayeweza kufika bustanini aambiwe, hata kama umri wake ni miaka saba.

Gamba lilipokauka vizuri, tulimrudisha kobe kwenye majabali, mtoto akimbeba kwa mikono miwili. Hakutuaga, aliinamia nyasi, akaanza kula.

Tuta la kotimiri silipigi dawa tena. Wadudu hula sehemu yao, na mjukuu wangu hula yake.