Kitako cha Bunduki Kuukuu

Kila mtu akimaliza kazi ya siku hutafuta kitu cha kumpumzisha moyo. Mmoja hupiga gitaa, mwingine hufuga njiwa, mwingine hufuma nyavu ijapokuwa yeye si mvuvi. Mimi nimezoea kuchonga vitako vya bunduki kuukuu za kuwindia. Watu wa Baraka hunicheka, na wengine hunikaripia: “Mwalimu, katekisimu na bunduki, wapi na wapi?” Swali hilo ni la haki, nami silijibu kwa mzaha, maana katika nchi yetu ya Fizi bunduki imeliza watu wengi.

Kwanza yafaa tujue habari za zamani. Babu zetu waliwinda kwa gobore, ile ya kushindilia baruti mdomoni kwa mdeki. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalipatana huko Bruxelles kuzuia silaha zisiingie Afrika, tangu nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hata nyuzi 22 kusini. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu ziliweza kuruhusiwa, lakini bunduki za kisasa zilifungiwa. Na huko Herstal, karibu na Liège, kiwanda cha FN kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1889 ili kuwafanyizia askari wa Ubelgiji bunduki 150,000 za namna ya Mauser. Basi kwao Mauser, kwetu gumegume.

Baada ya vita vya 1914–1918 na vya 1939–1945, bunduki nyingi za askari ziliuzwa kwa bei ndogo huko Ulaya na Marekani. Wawindaji walizinunua, wakakata ule mti mrefu wa mbele, wakachonga kitako kipya kinachokaa vema begani. Hivyo kazi ya lazima ikageuka kuwa mchezo wa wapenda useremala, na hata leo wako wanaoushika.

Mimi useremala nilifundishwa seminarini. Bunduki ya kwanza niliyoitengeneza ilikuwa ya mtutu mmoja, mali ya mzee wa upande wa Fizi mwenye kibali chake. Kitako kilikuwa kimepasuka shingoni, naye alikuwa amekifunga kwa waya na kipande cha ngozi ya mbuzi. Shingo ndipo penye udhaifu wa kila kitako. Kama nyuzi za mti zinakatiza hapo badala ya kufuata urefu, siku moja kitavunjika tu. Kwa hiyo nilitafuta ubao wa mninga ambao nyuzi zake zimenyooka, nikauacha ukauke kivulini. Mafundi wa zamani husema mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Ubao mbichi ukichongwa leo, kesho umepinda, na chuma hakikai tena mahali pake.

Kisha nikampima mzee mwenyewe, tangu kiwiko hata kidole, kama fundi nguo ampimavyo mtu kanzu. Yeye ni mfupi, na kitako cha Ulaya kilimsumbua miaka yote. Kulainisha nilitumia majani ya msasa, mti uleule uliolipa jina karatasi ya dukani. Mafuta ndiyo yalinipa taabu. Mawese tunayo tele, lakini hayakauki. Mti uliopakwa mawese hunata mikono na kushika vumbi. Yafaa mafuta ya kitani, ambayo hukauka yakawa kama ngozi nyembamba juu ya mti, yapakwe kidogo kidogo kwa siku nyingi, na mwisho nta ya nyuki.

Chuma sikigusi. Hiyo ndiyo kanuni yangu ya kwanza. Ya pili ni kibali: sheria ya silaha ya 3 Septemba 1985 na sheria ya kuwinda ya 28 Mei 1982 zote zataka mwenye bunduki ajulikane. Asiyenionyesha karatasi, mti wake siuchongi.

Usiku mmoja kijana alibisha hodi. Chini ya koti alificha bunduki ya vita, akataka nimkatie kitako iwe fupi. Aliweka fedha mezani, nyingi kuliko nipatazo kwa miezi mitatu. Nikamwambia, “Mdogo wangu, kazi hiyo siifanyi.” Akajibu, “Mwalimu, mti ni mti. Kwani mti wajua utapiga nini?” Nikamwambia mti haujui, lakini mimi najua. Akazikusanya fedha zake, akaenda bila kuaga. Kwa juma zima mke wangu hakulala vizuri, nami vilevile.

Neno lake limenibakia. Katika vilima vyetu bunduki za vita zilipita mwaka 1964, wakati wa uasi. Mwaka 1965 Che Guevara mwenyewe alivuka ziwa kutoka Kigoma, akakaa miezi saba. Tena mwaka 1996 watu wa Fizi na Baraka walivuka kwa mitumbwi, wengi wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Aliyekimbia hivyo akisikia nasifu kitako kizuri, ana haki ya kukunja uso. Siwezi kumwambia kwamba chombo hiki hakina hatia. Bunduki ya kuwindia nayo huua, na porini kwetu wanyama wamepungua sana.

Lakini naona tofauti moja. Bunduki ya mzee yule ina jina la mwenyewe, ina kibali, na jirani zake wajua iko wapi. Akiharibu, ataulizwa. Ile ya chini ya koti haina mwenyewe. Hupita mkono kwa mkono, na hakuna wa kuulizwa.

Kwa hiyo naendelea kuchonga, lakini nawaambia vijana wanaokuja kutazama: jifunzeni mti kwanza. Anayejua kuchonga kitako aweza pia kuchonga mlango, kiti na kafi, na wengi wahitaji mlango kuliko bunduki. Wawili kati yao sasa wafanya madirisha hapa Baraka, na hawajaniomba kitako hata kimoja.