Saladi Nyekundu ya Doornfontein



Mtaa tunaolima sisi hapa Johannesburg unaitwa Doornfontein, yaani chemchemi ya miiba kwa lugha ya Makaburu. Kabla ya dhahabu kuonekana mwaka 1886, hapa palikuwa shamba. Wakaja matajiri wakajenga majumba, wakahamia Parktown, vikafuata viwanda na maghorofa. Leo ardhi ya kulima haipo, ndiyo maana tuko juu ya paa. Hatukuwa wa kwanza: mwaka 2017 jengo la Chamber of Mines katikati ya jiji lilioteshwa mrehani paani, kwa maji yenye virutubisho badala ya udongo.

Tuko watano, wa kutoka Kigoma, Mombasa na Bukavu. Nyumbani tulizoea mboga inayouzwa kwa ukubwa wa fungu. Hapa tumekuta mboga inayouzwa kwa sura. Mpishi wa mgahawa hununua kwa macho kwanza. Anataka Lollo Rossa, iliyokunjamana kama marinda ya gauni, nyekundu ukingoni na kijani moyoni. Anataka na Lollo Bionda ya kijani kibichi, pamoja na ile yenye majani yaliyochongeka kama ya mti wa mwaloni. Kikapu kimoja, rangi tatu.

Rangi hiyo haipakwi, huja kwa jua na baridi. Jiji hili liko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari: mchana jua kali, usiku baridi ya kuuma. Ikifika Mei jani hukolea hadi kukaribia zambarau. Kivuli kikizidi, wekundu hufifia na mteja hununa. Kiangazi cha Desemba na Januari ndicho kigumu. Joto likipita nyuzi 30 mbegu nyingi hugoma kuota, kwa hiyo trei tunazishusha chumba cha chini chenye ubaridi mpaka zichipue. Mmea uliokomaa nao ukipata joto hurefusha shina, hutoa ua, na jani huwa chungu. Tunavuna alfajiri, tukichuma majani ya nje na kuacha moyo uchipue tena. Juu tumetandaza wavu, maana mvua ya mawe ya jioni moja yaweza kumaliza kazi ya mwezi.

Mzee wetu wa Bukavu hakuacha kulalamika. "Tunalima chakula cha sungura," alisema. "Nani kati yetu anakila?" Hakuwa na kosa. Tukatenga meza moja ya mchicha.

Mchicha ule ulileta watu ambao saladi haikuwaleta. Mama mmoja Mzulu wa ghorofa ya pili, aliyekuwa akitupita bila salamu, aliuona ukishushwa ngazi akacheka: kwao unaitwa imbuya. Siku hizi hununua kila Ijumaa, na hutuita kwa majina.

Hilo si dogo hapa. Mei 2008 zaidi ya watu 60 waliuawa katika ghasia dhidi ya wageni nchini humu. Septemba 2019 maduka yalichomwa Jeppestown, jirani zetu kabisa. Hatusemi fungu la mboga litamzuia mwenye rungu. Lakini jirani anayekujua jina anaweza kukugongea mlango mapema.

Mwezi uliopita mgahawa mmoja ulitaka tuongeze saladi nyekundu, na nafasi iliyobaki ni meza ile ya mchicha tu. Fedha ilikuwa nzuri, na kodi ya paa imepanda. Tulibishana hadi usiku, kisha tukapiga kura. Watatu kwa wawili, mchicha umebaki.

Mkipita Johannesburg, karibuni paani. Njooni asubuhi, kabla jua halijalegeza majani.