Siku ya Kutafuta Visanduku Bondeni

Huenda hujawahi kusikia mchezo ninaotaka kukusimulia. Hata mimi nilipoambiwa mara ya kwanza nilicheka. Lakini siku tuliyoucheza ilinifundisha jambo ambalo kila mama anayeishi karibu na maji inampasa alijue.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtu huficha kisanduku chenye daftari ndani yake, kisha hutangaza namba za mahali kilipo, zinazotolewa na setilaiti. Wengine hukitafuta kwa simu, huandika majina yao, na hukirudisha palepale. Ulianza Marekani. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya huko iliacha kuvuruga makusudi vipimo vya setilaiti vilivyotumiwa na raia. Siku iliyofuata, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon. Leo visanduku hivyo vimeenea duniani kote.

Aliyetuletea habari hizi ni mtoto wa dada yangu, anayesoma Dar es Salaam. Alipokuja Bungu likizo aliniambia, "Mama mdogo, wewe na akina mama wenzako mwandae mkutano. Kazi yenu ni mahali, daftari la kusaini na makaribisho tu." Nikakubali.

Tulichagua bonde la Lwengera, kati ya Usambara ya Magharibi na Usambara ya Mashariki, ambako mto Lwengera hushuka kwenda kuungana na Pangani karibu na Korogwe. Ukitoka kwetu milimani kwenye baridi na migomba, unateremka kona baada ya kona mpaka masikio yanaziba. Huko chini kuna joto, mpunga na matete. Tulikuta sehemu moja ambayo wenyeji wameiacha bila kuilima. Yangeyange walisimama kama nguo zilizoanikwa, kwera walisuka viota juu ya maji, na juu ya mti mmoja fundi chuma alikuwa amejenga kiota cha vijiti kinachoweza kubeba mtu mzima.

Sheria za mchezo zilinipendeza kama muuguzi. Kisanduku hakifukiwi ardhini. Chakula hakiwekwi ndani, maana wanyama watakivunja. Ukichukua kitu, unaweka kingine chenye thamani ileile. Mimi niliongeza yangu: asisogee mtu penye viota, na asiingie mtu majini.

Tulikuwa akina mama kumi na wawili na watoto wengi zaidi. Chapati na chai ya tangawizi vilitosha. Visanduku vinne vilipatikana kwa vigelegele. Cha tano ndicho kilichonitia aibu. Nilikuwa nimekificha mimi mwenyewe chini ya mti mnene, na chini ya matawi simu hukosea kwa mita kadhaa. Namba nilizoandika ziliwapeleka watoto kwenye matete. Nilipogeuka, wavulana watatu walikuwa majini mpaka magotini.

Nilipiga kelele. Mama mmoja akacheka: "Dada, si maji tu hayo? Mbona kila siku wanaoga mtoni!"

Nikamweleza habari za kichocho. Vijidudu hutoka kwa konokono wa kwenye maji yanayokwenda polepole, na huingia mwilini kupitia ngozi nzima isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu. Yule mama akanyamaza. Tulipokuwa tunafunga vyombo alinivuta kando, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu anakojoa damu tangu masika. Anasema wenzake wote wako hivyo. Nikaona haya kusema."

Damu ile haikutokana na siku hiyo, maana kichocho huchukua wiki nyingi kabla ya kuonekana kwenye mkojo. Jumatatu alimleta zahanati, mkojo ukapimwa, mayai yakaonekana. Alipewa prazikwanteli kwa kadiri ya uzito wake, na akapona. Wale watatu nao tuliwapima baada ya miezi mitatu, kwa sababu dawa hiyo haiui vizuri minyoo michanga.

Wenzangu, kuna jambo jingine tunalolificha zaidi. Kichocho humpata mwanamke pia katika via vya uzazi. Huleta maumivu, damu baada ya tendo la ndoa, hata utasa. Wapo wake waliotuhumiwa uzinzi nyumbani kwa sababu ya ugonjwa walioupata wakifua nguo mtoni. Ukiona dalili hizo, mweleze muuguzi kwamba unatumia maji ya mto au bwawa. Usikubali kuhukumiwa kabla ya kupimwa.

Tumepanga kurudi bondeni. Kisanduku cha tano nimekihamishia juu, penye ardhi kavu na anga wazi, na namba zake nimezipima mara tatu. Wewe nawe, mama, usingoje mkutano. Jioni hii muulize mwanao, kwa upole na mkiwa wawili tu, mkojo wake una rangi gani.